Mama Kulwa Hununua Viwili

Limi alitumwa mtungi tu. Mtungi wa maji ya kunywa, basi, hakuna kingine. Mumewe Donatus alipiga simu mchana kutoka machimboni Nyarugusu, akasema amesikia kwamba kwenye tamasha la utamaduni hapo Shinyanga mjini kuna mama mmoja mfinyanzi, na maji ya mtungi wake ni matamu hayana mfano.

"Nenda jua likipoa," akasema. "Nenda na Kulwa. Na mama Kulwa... mtafute huyo huyo. Anaitwa Bibi Mageni. Usinunue kwa mwingine."

Limi akacheka. Mwanamume ana friji mbili ndani, leo anataka mtungi! Lakini alimpenda mumewe, na mtu ukimpenda humuulizi maulizo mengi. Akajifunga kitenge, akamshika mwanawe mkono, wakatoka.

Sasa, kabla hawajafika huko, mjue kwanza Limi ni nani. Limi ni mama pacha. Alizaa wasichana wawili, Kulwa aliyetangulia na Doto aliyefuata, na siku ileile ya uzazi wakwe zake wakamkalisha kitako wakamfunda: ukimpa mmoja, mpe na mwenzake. Kitu kilekile, wakati uleule. Limi akashika neno hilo mpaka watu wakamtania. Gauni mbili. Maandazi mawili. Hata kofi! Doto akifanya utundu akachapwa, Kulwa naye anaguswa mgongoni kidogo, asije akaona ameachwa. Wauza duka wa mtaani walishazoea, hawamuulizi idadi, wanafunga viwili tu wanampa.

Watoto wenyewe walifanana sura, lakini hukuweza kuwachanganya. Doto alikuwa wa mkono wa kushoto, halafu alikuwa na kithembe. "Thitaki," "thijui," ndivyo alivyosema, na Kulwa akimcheka wanapigana. Shingoni kila mmoja alivaa ushanga wa buluu na mweupe aliowatungia mama yao, na katikati ya kila ushanga Limi aliweka kifungo cha matundu manne kutoka kwenye gauni la marehemu mama yake. Doto alikuwa na tabia ya kutafuna kile cha kwake. Alikitafuna mpaka kikameguka pembeni.

Doto alikufa masika ya mwaka juzi.

Baba yao aliwachukua kwenda kumsalimia bibi yao huko Geita. Ikapigwa simu kwamba Doto ana homa. Limi akapanda gari roho mkononi, akafika, akakuta wanawake wa ukoo wamekaa kimya uani. Kazi ilishaisha. "Kwetu pacha haliliwi," wakamwambia. "Na mama haonyeshwi alipolazwa." Limi akameza kilio chake kizima kizima. Hakuiona maiti, wala kaburi hakulijua. Alirudi Shinyanga na mtoto mmoja, na bado akawa ananunua viwili. Cha Kulwa anampa Kulwa. Cha Doto anakiweka juu ya kabati.

Majirani wakasema amechanganyikiwa. Donatus peke yake ndiye hakumsema. Wakiwa dukani, Limi akisitasita, yeye ndiye humgusa bega. "Sema viwili, mama Kulwa. Mtoto wetu asisahaulike." Kwa maneno hayo Limi alimpenda upya. Na mwaka huohuo duara la Donatus, shimo lake la kuchimbia, likatema mali, dhahabu ya kuonekana kwa macho. Wakajenga nyumba ya vigae. Watu wakasema Mungu amewafuta machozi.

Basi turudi kwenye tamasha.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Kisukuma, walikuwa wanashindana, mmoja ana chatu shingoni, watoto wanakimbia wanarudi. Vumbi, moshi wa nyama, nderemo. Limi aliulizia kwa Bibi Mageni, akaelekezwa mwisho kabisa, kule kwenye uzio, baada ya banda la Aneth anayesuka vikapu.

Walipolipita banda la Aneth, harufu ikabadilika.

Ilikuwa harufu ya mvua. Ile harufu ya udongo mkavu unapopigwa na matone ya kwanza. Na hapo ni kiangazi, mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kusingizia. Kulwa akabana mkono wa mama yake.

Kwenye mkeka alikaa mwanamke mtu mzima, mweusi, mzuri wa uso, anafinyanga mbele ya macho ya watu. Lakini watu hawakuwepo. Mbele yake vyungu vimepangwa, vidogo na vikubwa, vyekundu, shingo zimenakshiwa kwa vidoti vidoti. Limi aliviona akasahau mtungi. Vilikuwa vizuri, jamani. Ukikitazama kimoja unataka ukipakate.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu," akamwita mama kwa Kisukuma. Hakuinua macho. "Umechelewa."

Limi akadhani ni utani wa wafanyabiashara. Akachuchumaa. Ndipo alipoiona mikono ya yule bibi. Udongo ulikuwa mbichi, unateleza, maji yanachuruzika mpaka kwenye mkeka... na mikono ilikuwa mikavu. Haikushika tope hata kwenye kucha.

Kulwa alikuwa ameshainamia chungu kimoja kidogo, ameweka sikio. Akacheka.

"Mama, kuna mtu ndani."

"Toka hapo wewe, utavunja cha watu."

"Muache," bibi akasema taratibu. "Wanasalimiana." Kisha akamtazama Limi kwa mara ya kwanza. "Nikupe kimoja au viwili?"

Limi hakufikiri. Afikiri nini, na neno lenyewe limezoea ulimi?

"Viwili."

Mikono mikavu ikasimama.

"Masikio yangu mazito, mayu. Viwili vya nani?"

"Vya wanangu. Cha Doto na cha Kulwa. Mimi mama pacha, sinunuagi kimoja."

"Umesema kwa mdomo wako."

"Eeh, kwani ningesema kwa mdomo wa jirani?" Limi akacheka. Alicheka peke yake.

Bibi Mageni akachukua kile chungu ambacho Kulwa alikuwa amekiinamia, akampa. "Hiki ni cha Doto. Kilishachomwa. Cha Kulwa bado kibichi, kitakuwa tayari hiyo ngoma ikinyamaza." Limi akafungua pochi. Bibi akatikisa kichwa. "Funga. Baba yao alishamaliza."

Baba yao? Si alisema amemsikia tu? Limi alitaka kuuliza, lakini bibi alishainamia udongo wake kama vile hakuna mtu mbele yake. Akaondoka na chungu kwapani. Kilikuwa na joto. Akajiambia ni jua la mchana.

Kwa Aneth taa ilikuwa imeshawashwa. Wanajuana, wanaimba kwaya moja. Aneth akamkaribisha kwenye kigoda, akamsifia chungu chake. "Hebu nikione. Loh, shingo imenakshiwa na nini hapa? Kama kamba... hapana, ni shanga. Amebingirisha ushanga kwenye udongo mbichi. Na hapa ameweka kifungo."

Limi akainamisha chungu kwenye mwanga.

Doti, doti, doti, shanga zimezama kwenye udongo zikaacha alama zake. Halafu duara moja dogo. Ndani ya duara, matundu manne.

Pembeni limemeguka.

Akapitisha kidole. Akapitisha tena. Kidole kiliujua ule mmeguko kuliko hata macho, kwa sababu ndicho kilichokuwa kinakichomoa kile kifungo kinywani mwa Doto kila siku. Ushanga huo mtoto alikuwa nao shingoni alipokufa, yaani ulizikwa naye. Hivyo ndivyo Limi alivyoambiwa, na ndivyo alivyojiliwaza miaka yote hiyo, kwamba mwanangu ana kitu changu huko aliko.

"Limi, una nini?" Aneth akauliza.

Limi alimgeukia Kulwa, akamtazama shingo. Ilikuwa tupu. Alijua ni tupu tangu juma lililopita, na alijua kwa nini: baba yake aliuchukua ule ushanga, eti uzi umelegea, akautilie uzi wa nailoni. Limi aliona ni mapenzi ya baba. Alimshukuru!

Akapiga simu. Ikaita mara moja tu, ikapokelewa.

"Baba Kulwa," akasema, sauti haitoki vizuri. "Nimefika kwa huyo bibi."

Donatus hakuuliza habari ya mtungi, wala mtoto, wala kama wamechoka. Aliuliza kitu kimoja, kwa sauti ya chini.

"Ulisema vingapi?"

Limi akaibana simu sikioni. Hapo akaisikia ngoma. Sikio la kushoto, ngoma ya Wagika hapo uwanjani. Sikio la kulia, ndani ya simu... ngoma ileile. Pigo kwa pigo.

Hakuwa Nyarugusu. Alikuwa hapohapo.

Akakata simu. Nyie, msimuulize mtu aliyesalitiwa anajisikiaje. Limi hakulia wala hakupiga kelele. Akamshika Kulwa mkono kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika, chungu kwapani, akarudi kwenye uzio. Aneth alimwita nyuma. Hakugeuka.

Mkekani hapakuwa na mtu. Vyungu vimeondolewa vyote. Alama ya maji ilipita chini ya uzio mahali senyenge imekatika, nao wakapita hapohapo. Upande wa pili palikuwa na uwanda wenye magugu, jua ndiyo linazama, na pikapu nyeupe imeegeshwa. Pikapu yao, ile waliyonunua duara lilipotema.

Bibi Mageni amekaa chini kando ya tairi. Mbele yake chungu kibichi. Mikononi ana ushanga wa buluu na mweupe, ameanza kuubingirisha kwenye shingo ya chungu. Na Donatus amechuchumaa pembeni, amemshikia beseni la maji, kwa adabu, mfano wa mtu anayemnawisha mkwe.

"Baba!" Kulwa akaita kwa furaha.

Donatus akashtuka. Beseni likayumba. "Mama Kulwa... tuliza sauti. Watu watasikia."

"Sijasema kitu bado." Kweli alikuwa ananong'ona. "Doto alikufa kwa nini?"

"Mama Kulwa..."

"Alikufa kwa homa?"

Donatus akatazama maji. "Hakuteseka."

"Hilo sijakuuliza."

Ngoma kule uwanjani ikaongeza mwendo.

"Duara lilikuwa limekataa kabisa," Donatus akasema. "Nilikuwa nadaiwa na kila mtu, wachimbaji wangu wanataka kunikata mapanga. Huyu bibi akaniambia dawa ipo. Nitoe mmoja, basi, tutaishi. Nami nilidhani ni mmoja tu, haki ya Mungu. Lakini mwaka huu limekataa tena."

"Kwa hiyo ukamleta wa pili."

"Sikumleta mimi," akasema, na hapo akaanza kulia. "Wa pili mimi sina kauli naye."

Bibi Mageni akadakia bila kuinua uso, anabingirisha taratibu. "Baba ana kauli ya mmoja. Wa pili ni wa mama. Mpaka mama atamke kwa mdomo wake, kwa hiari yake, na majina yao."

Limi akayakumbuka yale maneno ya dukani. Sema viwili, mama Kulwa. Ule mkono begani. Kila duka, kila genge, muda wote huo. Yeye alidhani anahurumiwa, kumbe alikuwa anazoezwa! Mtu amechukua msiba wake mwenyewe, ulimi wake mwenyewe, akautengeneza kidogo kidogo mpaka ukawa kamba ya kumfungia mwanawe. Na usiku alikuwa analala kifuani pa mtu huyo.

"Ulijua nitasema viwili," akanong'ona.

"Husemagi kimoja," Donatus akajibu.

Hapo ndipo Limi alipopandwa na hasira. Akamsukumia Kulwa kile chungu cha Doto. "Shika hiki. Usikiachie, na usisogee hapo ulipo!" Akamrukia mumewe, akampokonya beseni, akalimwaga lote juu ya chungu kibichi. Akapiga magoti akakivamia kwa mikono miwili, akakiponda, akakikanda, akautoa ule ushanga kwenye tope na kuusokomeza kifuani. Alikuwa anatukana, anasali, anatukana tena. Udongo ulikuwa wa moto. Ulimng'ang'ania vidoleni kama unamnyonya, lakini alikanda tu, mpaka chungu kikawa si chungu, kikawa tope la njia panda.

Hakuna aliyemzuia.

Bibi Mageni alitazama kazi yake ikiharibika, hata uso hakukunja.

"Kibichi hurudi udongo, mayu," akasema. "Hilo umefanya vizuri. Na kilichochomwa je?"

Limi akageuka.

Kulwa alikuwa amelala kwenye magugu, amekikumbatia chungu, uso umezama kwenye mdomo wa chungu, mpaka masikioni. Hatikisiki. Na ngoma kule uwanjani ikanyamaza ghafla.

"Kulwa! Kulwa, mama!" Akamvuta, akamwinua, akampuliza usoni, akampigapiga mashavu. Kichwa kikaanguka huku na huku. Halafu mtoto akavuta pumzi ndefu, ndefu sana, ya mtu aliyezama maji akaibuka. Akafumbua macho. Akamtazama mama yake bila kusema kitu, kisha akamkumbatia shingoni kwa nguvu isiyo ya mtoto.

"Yuko hai," Limi akasema, akacheka na kulia kwa pamoja. "Mwanangu yuko hai. Mmenikosa, washenzi wakubwa nyie!"

Donatus alikuwa amepiga magoti, anazoa lile tope kwa viganja na kuliweka kwenye shuka jeupe. Analizoa kwa uangalifu, mpaka mabaki yaliyoshika kwenye nyasi.

"Nenda, mama Kulwa," akasema bila kumtazama. "Nendeni tu."

Hakuwafuata. Hilo ndilo lililomsumbua Limi baadaye, kwamba hakuwafuata hata hatua.

Stendi walikuta basi la mwisho la Kahama linapakia. Limi alikuwa na kaka yake anayeishi Kagongwa, njia hiyo ya Kahama, anaitwa Kalisti, mkulima wa mpunga, mtu wa ibada na mwenye mikono mikubwa. Huko ndiko atakakokwenda, na atakayemfuata akutane na Kalisti. Akampakia mtoto dirishani, akakaa naye. Chungu alikuwa nacho mapajani, amekizungushia kitenge. Angekitupa? Amtupie nani? Lile lilikuwa kaburi pekee la Doto aliloonyeshwa. Na bado kilikuwa na joto, joto zuri, la mtoto aliyelala. Alikipapasa njia nzima.

Wakapita Samuye, taa chache, harufu ya ng'ombe. Mtoto hakusema neno. Limi akamfunga ushanga wake shingoni, ule wa kifungo kizima, akasema ameshtuka, atapona, kesho atacheza na binamu zake. Akajiapia pia jambo moja. Ule ulimi wake ameukata leo. Hatasema tena lile neno maisha yake yote. Atampenda Doto kwa moyo, si kwa mdomo, na Doto ataelewa.

Tinde basi likasimama. Wanawake wauza mahindi ya kuchoma wakakimbilia madirisha. Mmoja akainua sinia mpaka usoni pa Limi, mahindi yananukia, moshi mwembamba.

"Karibu, mama. Moja au mawili?"

Limi akafungua kinywa. Akakifumba. Ulimi ulikuwa umeshakaa tayari, umejikunja kwa lile neno la zamani, akaulazimisha kwa nguvu zake zote. Machozi yakamtoka.

"Moja," akasema. "Nina mtoto mmoja."

Muuzaji akatoa hindi. Kabla Limi hajalipokea, mkono mdogo ukampita kifuani, ukalidaka.

Ulikuwa mkono wa kushoto.

Mtoto akang'ata, akatafuna, akashusha. Halafu akakivuta kile kifungo cha shingoni, akakitia kinywani, akakiuma pembeni. Akamtazama mama yake kwa macho ya upendo kabisa.

"Athante, mama."

Basi likaondoka. Limi hakuweza kupiga kelele. Hakuweza hata kusogea. Mapajani, ndani ya kitenge, chungu kikaanza kupoa, taratibu, kutoka chini kwenda juu. Kisha kutoka ndani yake ikaja sauti ndogo, safi, isiyo na kithembe hata kidogo, sauti aliyoisikia asubuhi hiyohiyo ikimwomba chai.

"Na mimi je, mama?"